Sura ya Sita: Pijo Iliyofungwa Kamba

Jumanne saa mbili asubuhi, Sajini Zvidzai Muromba aliwakuta wanawake wawili wamekaa pande mbili za gari bovu, kila mmoja na kigoda chake, na kila mmoja amempa mwenzake kisogo. Gari lenyewe lilikuwa Pijo 404 ya rangi ya samawati iliyopauka, na lilikuwa limesimama miaka ishirini na sita kwenye uwanja ulio nyuma ya soko la mtaa wa Mkoba, mjini Gweru. Mlangoni manispaa ilikuwa imebandika karatasi nyekundu. Kreni inakuja Ijumaa, na gari lisilo na mwenyewe litapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mwenyewe ndiye aliyekuwa anatafutwa. Sajini alikuwa na fomu mbili za madai, zote za wiki iliyopita. Ya kwanza ilijazwa na Plaxedes Madzore, mshonaji wa sare za shule, aliyeambatanisha cheti cha ndoa cha mwaka wa tisini na sita. Ya pili ilijazwa na Ketina, ambaye naye aliandika Madzore kwenye nafasi ya jina la ukoo, karani mmoja akalikata kwa wino mwekundu. Phineas Madzore, fundi wa reli, alikuwa amezikwa mwezi wa saba akiwaacha wote wawili. Aliacha na nyumba moja, ambayo Ketina aliishi tangu mwaka wa tisini na moja. Plaxedes, mwenye cheti, alipangishiwa vyumba viwili ng'ambo ya barabara ileile, na kila akifungua dirisha anaitazama nyumba hiyo. Sijui Phineas alikuwa na akili gani, lakini reli hawakumlipa kwa ajili ya akili za nyumbani.

Msimamizi wa mirathi alitaka jibu moja kabla ya kikao cha Jumatatu. Gari hili ni mali ya marehemu, au lilitoka mikononi mwake akiwa hai? Ketina alidai lilitoka, tena kwa mahari yake. Likithibitika hilo, basi yeye ni mke, cheti au bila cheti, na nyumba inabaki yake. Lisipothibitika, yeye ni mwanamke aliyempikia mume wa watu kwa miaka ishirini na saba, na mwisho wa mwezi anafungasha.

"Shumba," Plaxedes alisema, akimwita Sajini kwa jina la ukoo wake kwa heshima, "andika na hilo. Huyu amekuja kulikalia gari la mume wangu tangu alfajiri."

"Nimekalia kigoda," Ketina alisema bila kugeuka. "Gari hukaliwa ndani. Na humo ndani nilishakaa mimi kabla hujajua hata rangi yake."

Sajini aliwaomba wote wawili wasogee hatua kumi. Walisogea tisa.

Alilizunguka gari mara tatu bila kuligusa, kama alivyozoea kufanya kwa miaka kumi na tisa kwenye dawati la wizi wa magari. Mzunguko wa kwanza ni wa kuona kilichopo, wa pili ni wa kuona kisichokuwepo, wa tatu ni wa kuona kilichowekwa. Namba ya mbele haikuwepo. Ya nyuma ilikuwepo, imepinda, na ofisi ya usajili ilishamjibu kwamba jalada la namba hiyo, la enzi za kabla ya kompyuta, halikuonekana. Kitabu cha gari, ambacho kingemaliza maneno yote, hakikujulikana kiliko. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ilikuwa imepotea mchana kweupe mbele ya wauza nyanya mia mbili.

Lakini kilichomshangaza kilikuwa kwenye mzunguko wa pili, kwa sababu zaidi ya namba ile hakukukosekana kitu. Betri ipo. Vifuniko vya magurudumu vipo vinne. Taa zipo, wipa zipo, hata kifuniko cha tangi la mafuta kipo. Na huu ndio uwanja ambao mifuniko ya mitaro ya manispaa iliibiwa yote mwaka juzi. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimeng'olewa zamani, kisha kikarudishwa na kufungwa kwa waya wa uzio. Sajini aliandika hayo yote kwenye daftari lake na kuweka alama ya kuuliza pembeni.

Mbele ya gari kulikuwa na kamba nyeusi, nene, imefungwa kwenye bampa. Ncha ya pili ilikwenda kwenye kisiki cha nguzo. Aliitazama akiwa amesimama, akaandika: *Kamba ya kuvutia. Gari lilikuja likivutwa.* Alikuwa mtoto wa mjini, amezaliwa Gweru na kukulia Gweru, na kamba kwenye bampa kwake ilikuwa na maana moja tu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Boneti ilifunguka kwa mlio wa kutu. Pale inapokaa namba ya chesisi palikuwa na kiota cha nyigu cha udongo, ukubwa wa ngumi mbili, tabaka juu ya tabaka, kigumu kama tofali. Alikibomoa kwa kisu taratibu, akahesabu matabaka kumi na moja. Chini yake palikuwa na kutu, akapasugua kwa msasa, akaweka karatasi nyembamba, akapitisha penseli iliyolazwa juu yake. Namba saba zilijitokeza moja moja. Alizinakili, akatia sahihi na saa, akafunga daftari.

Kwa Plaxedes alikwenda saa nne. Chumba cha mbele kilijaa sketi za kijani na mashati meupe, na cherehani ilikuwa katikati kama mwenye nyumba. Alimkaribisha kwa maputi, yaani bisi za mahindi, na kikombe cha juisi ya machungwa, akamfutia kiti mara mbili. Alikuwa mwanamke nadhifu, na alipenda wengine waone unadhifu wake. Dirishani palikuwa na fremu kubwa ya picha, lakini kutoka ndani Sajini aliona mgongo wake tu, kadibodi nene iliyoshonwa pembezoni kwa uzi wa kijani.

"Picha imegeuka, mama."

"Haijageuka. Ni ya harusi. Inatazama nje ili wanaopita wajue humu anaishi mke wa nani."

Anayepita kwenye barabara hiyo kila siku, mara mbili kila siku, na kurudi kwenye nyumba iliyo mkabala, alikuwa mmoja tu.  Sajini alikula punje mbili za maputi.

Maelezo ya Plaxedes yalinyooka kama pindo. Gari lilikuwa la marehemu mume wake. Mwaka wa tisini na tatu liliharibika gia, likavutwa hadi pale, likaachwa. Phineas alikuwa akisema kila mwaka kwamba atalitengeneza. Huyo mwingine alikuwa mpishi tu, tena mpishi wa kujileta, asiyetolewa hata kuku. Mwanamke akikaa sana kwenye nyumba ya mtu huanza kuhesabu kuta kuwa zake.

"Kwamba lilivutwa, ulishuhudia?" Sajini aliuliza.

"Kamba si ile pale? Mpaka leo haijafunguliwa."

Sajini alikubali kwa kichwa, maana kamba aliiona mwenyewe. Kisha akauliza swali analowauliza wote, na akaliuliza polepole. Je, ana karatasi yoyote ya gari hilo? Kitabu, bima, leseni ya barabara, risiti ya spea, chochote chenye namba?

"Sina hata kipande. Phineas alikuwa mtu wa kutupa karatasi."

Aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Plaxedes alitia sahihi yake kwa yote mawili, jina na ukoo, akikazia ukoo.

Ng'ambo ya barabara, Ketina hakumkaribisha kwa kitu. Alimpa benchi la jikoni akaendelea kukoroga ugali wa sadza. Alikuwa mrefu, mkavu, na maneno yake yalikuwa machache na yenye chumvi. Alisema kila kitu kwa sentensi nne. Phineas alimposa mwaka wa tisini na mbili, tayari wakiishi pamoja. Mahari ya upande wa baba ilitolewa. Ng'ombe wa mama, yule wa kumtuza mama mzaa binti, hakupatikana kwa sababu ya ukame, ikaletwa Pijo. Ilifika ikiendeshwa na Phineas mwenyewe, kwenye zizi la mama yake, Bibi Matirasa, pale ambapo sasa ni nyuma ya soko.

Sajini alimwambia ukweli, kwamba hajawahi kusikia mtu akimpa mkwe wake gari badala ya ng'ombe wa mama. Ng'ombe huyo lazima awe hai, anatembea kwa miguu yake. Hata pesa hazikubaliwi.

"Mwaka huo ulikuwa na miaka mingapi?" Ketina alimuuliza.

"Kumi na tisa."

"Ulimwona ng'ombe yeyote akitembea kwa miguu yake?"

Sajini hakumwona. Mwaka huo ng'ombe walikuwa wakiinuliwa kwa mikia asubuhi na kuanguka tena mchana. Aliuliza mashahidi. Mshenga alikufa. Bibi Matirasa alikufa mwaka wa elfu mbili na moja. Kaka wawili wa Ketina wako Johannesburg, na hakuna aliyekuwepo siku ile. Aliuliza karatasi. Ketina aliweka mwiko chini.

"Phineas angekuwa na karatasi angempa yule. Karatasi zote ni zake. Cheti chake, gauni jeupe lake, picha yake. Miaka ishirini na miwili natoka mlangoni nakutana na meno yake." Akafunika sufuria. "Mimi mama yangu alipewa heshima yake ikafungwa zizini. Sikuvaa gauni. Nilidhani hilo linatosha."

Alipotoka nje, Sajini aliitazama ile picha kwa mara ya kwanza upande wa uso. Phineas alikuwa amevaa suti kubwa kuliko yeye. Plaxedes alikuwa anacheka kwelikweli, bila kujua bado atakaa upande gani wa barabara.

Jumatano asubuhi alikwenda manispaa, kwenye chumba cha ramani, akafunuliwa karatasi za zamani za eneo la soko. Kabla ya mji kulimeza, pale palikuwa na kiwanja kimoja kilichoandikwa *Matirasa, mjane*, na mraba mdogo wenye neno *zizi*. Pijo ilikuwa imesimama katikati kabisa ya mraba huo. Hilo lilimpa Ketina nusu hatua. Nusu tu, kwa sababu mtu anaweza kuegesha gari bovu kwa mkwewe bila kumpa, na wakwe wengi wameegeshewa vibaya kuliko hivyo.

Alirudi uwanjani kupiga picha ya kisiki. Karibu na gari alikaa fundi viatu, mzee Jairosi, mwenye meza ya misumari na harufu ya gundi. Sajini alimwomba kisu kikali akate kipande cha kamba kwa ajili ya ushahidi. Mzee alivuta kisu chake kifuani.

"Hiyo sikupi kisu ukaikate, mwanangu. Kaikate kwa meno yako, na watoto wako wajue ulifanya mwenyewe."

"Ni kamba ya kuvutia gari, babu."

"Iguse."

Aliigusa. Haikuwa katani wala nailoni. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, imesokotwa nyuzi tatu, imepakwa mafuta hadi ikawa nyeusi. Mzee Jairosi alimwonyesha fundo kwenye bampa. Fundo la kuvuta mzigo hukaza kila unapovuta. Hili lilikuwa fundo la pembe, lenye nafasi ya vidole viwili, ambalo hufungwa kwenye pembe ili mnyama asiumie akigeuza shingo. Na kamba ya kuvutia haifungwi ncha ya pili kwenye nguzo ya zizi. Nani anavutwa na nguzo?

 Sajini alifungua daftari, akaukata mstari wake wa Jumanne, na pembeni akaandika *Nilikosea*, na saa.

Mzee alimweleza mengine huku akiendelea kupiga msumari kwenye soli. Hakuna mwizi anayegusa ng'ombe wa mama, kwa sababu huyo ni ujira wa tumbo lililomzaa binti. Hata baba wa bibi harusi hana sauti juu yake, ni wa mama na watu wa kwao mama. Ukimdhulumu, wafu wa upande ule hawasahau. Mwaka fulani kijana mmoja alikiiba kioo cha kushoto akakiuza. Mke wake alipopata uchungu wa kuzaa ukachukua siku mbili, alikinunua tena kwa bei mara tatu na kuja kukifunga kwa waya. Sajini aliifuta alama ya kuuliza.

"Na kamba hii ni ya tangu siku ile?"

"Hapana. Ngozi haidumu hivyo. Hii ni ya nne. Ketina huniletea ngozi, mimi nasokota. Mama yake alimwachia wosia isikatike."

Hapo ndipo jambo lilipoharibika tena. Kamba aliyoisokota fundi viatu kwa kulipwa na mdai haiwezi kumsaidia mdai huyo. Wakili wa Plaxedes angesimama tu na kuuliza: kwa hiyo aliyeifunga ni nani? Na woga wa wezi si hati. Soko zima lilijua ni ng'ombe wa nani, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo akifungwa.

Alikaa kwenye meza ya Jairosi akapanga fomu zote mbili ili aandike kwamba ushahidi hautoshi. Taratibu za ripoti hiyo zilitaka namba ya chesisi iandikwe juu. Alifungua daftari kuinakili. Halafu akaangalia fomu ya Ketina, kwenye nafasi ya namba ya chesisi. Tupu. Akaangalia ya Plaxedes.

Ilikuwa imejazwa. Tarakimu saba zote, kwa mpangilio wake, kwa mwandiko wa mtu anayepima vitambaa. Fomu ilipokelewa Jumatatu ya wiki iliyopita. Kiota cha nyigu kilibomolewa jana.

Plaxedes alikuwa anapachika kola Sajini alipoingia. Sajini alikaa kwenye kiti kilekile, akaweka fomu juu ya sketi za kijani na kidole chake juu ya namba.

"Hii uliitoa wapi, mama?"

Alisema aliisoma kwenye gari. Sajini alimweleza habari ya kiota, matabaka kumi na moja, na kwamba nyigu hawajui kusaidia mtu kesi. Plaxedes alisema basi aliisoma zamani akaikariri, Mungu alimjalia kichwa chepesi.

"Cherehani hii unayo muda gani?"

"Miaka ishirini."

"Namba yake imechongwa pale mbele ya mkono wako. Bila kutazama, nitajie."

Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio. Nje, mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Jana ulitia sahihi kwamba huna hata kipande," Sajini alisema. "Namba saba za gari lililoegeshwa kabla hujaolewa hazikai kichwani bure. Zinakaa kwa sababu zimesomwa, na zimesomwa mara nyingi. Kitabu unacho. Swali nililojiuliza njiani ni hili: mwenye kitabu cha gari analodai ni lake, kwa nini akifiche? Angekileta siku ya kwanza, tena akikipepea. Anakificha kwa sababu kimeandikwa jina la mtu mwingine. Mficha uchi hazai, mama, na kadibodi ya picha haishonwi bure. Tushushe ile picha."

Hakuinuka. Alimwangalia kwa chuki iliyo wazi, chuki ya mtu aliyeguswa mahali anapopagusa peke yake. Mwishowe alichukua mkasi wa kitambaa, akaenda dirishani, akashusha fremu, akakata uzi wa kijani mshono kwa mshono bila kuharibu kadibodi. Kati ya kadibodi na mgongo wa picha ya harusi kilitoka kitabu kidogo cha rangi ya udongo, kimepinda kama kitu kilichowahi kukaa kwenye mfuko wa koti.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na namba zile saba na jina la Phineas. Nafasi ya mmiliki mpya ilikuwa tupu. Sajini alikifunua hadi nyuma kabisa. Kwenye jalada la ndani kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya buluu, mkubwa, wa mtu asiyezoea kuandika:

*Mimi Phineas Madzore leo tarehe 14 Novemba 1992 nimeifunga Pijo hii kwenye zizi la mkwe wangu Matirasa iwe ng'ombe wa mama wa Ketina kwa kuwa ukame umemaliza ng'ombe. Nikileta ng'ombe nitaifungua. Nisipoleta ni yake na watu wake.*

Chini yake palikuwa na dole gumba la mshenga, na jina lake.

Maelezo Plaxedes aliyatoa huku amesimama, na Sajini aliyaandika yote. Mwaka wa tisini na nne, walipokuwa wakikutana kwa siri, Phineas alimwachia koti lake abadilishe bitana. Kitabu kilikuwa mfukoni, kwa kuwa kesho yake alipanga kwenda kubadilisha jina. Alikisoma. Alimrudishia koti bila kitabu. Phineas alidhani kimeanguka kwenye treni, na jina halikubadilishwa tena. Habari ya gia na ya kuvutwa aliitunga.

"Ungekichoma," Sajini alisema.

"Nilijaribu. Mara ngapi, sijui." Aliketi. "Lakini soma tena. Ameandika mwenyewe, kwa mkono wake, mistari mitano. Mimi nilipelekwa ofisini, tukatia sahihi dakika kumi, akarudi kazini. Cheti changu kimeandikwa na karani. Mama yangu aliishi miaka tisa baada ya hapo, na kila mwaka ananiuliza, mwanangu, mkwe anakuja lini? Hakupata ng'ombe. Hakupata hata shuka. Na mimi kila siku naenda sokoni, kila siku napita pale, namwona ng'ombe wa mama yake amefungwa, haibiwi, haguswi. Nilimwonea wivu, ndiyo. Namwonea mpaka leo. Sikutaka gari niliuze, Sajini. Nilitaka kreni ilivute hadi kwenye kaburi la mama yangu, ikae pale."

Sajini alimwambia kwamba kuficha kitabu na kutia sahihi uongo ni makosa, na kwamba yataandikwa. Alimwambia pia aje uwanjani Alhamisi saa tatu kusomewa ripoti, kama sheria inavyotaka wadai wote wawepo.

Alhamisi vigoda vilikuwa vilevile viwili, ila safari hii vilikuwa upande mmoja wa gari, kwa sababu upande wa pili ulikuwa na jua. Sajini alisoma akiwa amesimama. Gari si mali ya marehemu. Lilitoka mikononi mwake tarehe 14 Novemba 1992, likawa ng'ombe wa mama katika ndoa yake na Ketina. Kwenye nafasi ya mmiliki ameandika Matirasa, na kwa kuwa amefariki, ni la watu wa kwao, ambao mpwa wao wa Shurugwi ameshapigiwa simu na anakuja na trekta leo alasiri. Nakala inakwenda kwa msimamizi wa mirathi.

Ketina aliuliza jambo moja. "Kwa hiyo Jumatatu nitaitwa nani?"

"Mke."

Aliinuka, akaenda mbele ya Pijo, akaanza kulegeza lile fundo la vidole viwili.  Gari halikuwa lake na hakulitazama tena. Alipopita karibu na mwenzake na ile kamba imeviringishwa mkononi, alisimama.

"Na wewe mama yako alifungiwa nini?"

Alitaka kuumiza, na Plaxedes alijua. Aliitazama tu ile kamba. Ketina alisubiri jibu hadi akalielewa, akaondoka kuelekea nyumbani kwake, safari hii bila kutupa neno nyuma.

Sajini alisukuma fomu mbele ili Plaxedes atie sahihi kwamba amesomewa. Alitia, jina na ukoo, bila kukazia popote. Lakini kalamu hakuirudisha.

"Niandikie na mimi," alisema.

"Nikuandikie nini, mama?"

"Kwamba kwetu hakutoa kitu. Andika iwe kwenye serikali."

Sajini alimwonyesha fomu. Namba ya gari, namba ya chesisi, mmiliki, wadai, uamuzi. Hakuna nafasi ya jambo hilo.

"Andika nyuma," Plaxedes alisema. "Hata yeye aliandika nyuma."

Sajini aliigeuza fomu juu ya boneti, akailaza kwa kiganja, akamuuliza mama yake aliitwa nani.